Namna ya Kuchunguza Magonjwa ya Kurithi ya Mzunguko wa Urea kwa Kutumia Panya wa Maabara

Mwili unapovunja protini, naitrojeni inayobaki hugeuka kuwa amonia, nayo amonia ni sumu kwa ubongo. Kazi ya kuiondoa hufanywa na ini kupitia mzunguko wa urea, ambao Hans Krebs na Kurt Henseleit waliueleza mwaka 1932. Leo tunajua kwamba mzunguko huo hutegemea vimeng'enya sita, vitatu ndani ya mitokondria (NAGS, CPS1 na OTC) na vitatu nje yake (ASS1, ASL na ARG1), pamoja na visafirishi viwili vinavyovusha ornitini na aspateti kwenye utando wa mitokondria. Jeni ya kimojawapo ikirithiwa na kasoro nzito, mtoto huzaliwa akionekana mzima, kwa kuwa alipokuwa tumboni amonia yake ilikuwa ikiondolewa na mwili wa mama kupitia kondo; kisha baada ya siku moja au mbili anakataa ziwa, analala kupita kiasi, anatapika, anapumua haraka na hatimaye anazimia. Pale ambapo amonia haipimwi, mtoto huyu hufanana sana na mwenye maambukizi ya damu, na anaweza kufa akiwa ameandikiwa ugonjwa usio wake.

Watoto hawa ni wachache, na hatuwezi kuwazidishia protini ili tuone ubongo unavyoumia, wala kuwakata vipande vya ini kila wiki. Ndiyo maana sehemu kubwa ya tunayoyajua kuhusu magonjwa haya imetokana na panya. Mwongozo huu ni kwa mtafiti au mwanafunzi wa uzamili anayetaka kuanza kazi hiyo. Shauri langu kuu nalitoa mapema: chagua panya kwa kufuata swali lako, na usiiachie tarakimu ya amonia peke yake ikuamulie jambo lolote.

Kuchagua panya

Kabla ya kuagiza mnyama yeyote, andika swali kwa sentensi moja. Je, unataka kujua kinachoua mtoto katika siku za mwanzo? Unataka kuona jinsi amonia iliyopanda kidogo kwa miezi mingi inavyoathiri kumbukumbu? Au unajaribu dawa? Kila swali lina panya wake, na kosa la kuchagua vibaya halirekebishiki kwa takwimu.

Wengi huvutiwa na panya aliyeondolewa jeni kabisa, wakidhani ndiye mfano safi zaidi wa ugonjwa. Panya wasio na Cps1, Ass1 au Asl hufa ndani ya siku mbili hivi baada ya kuzaliwa. Wanafaa kwa kuthibitisha kwamba kimeng'enya ni cha lazima, na kwa kupima tiba inayotolewa saa za kwanza za maisha, lakini baada ya hapo hakuna mnyama wa kumchunguza. Panya asiye na Nags hufa vilevile akiachwa bila dawa, ila yeye anaokolewa kwa kuwekewa N-kabamoiliglutameti na sitrulini kwenye maji ya kunywa. Anakua, anazaa, na mtafiti akiondoa dawa hiyo amonia hupanda kwa kasi. Kwa anayetaka kuwasha mgogoro wa amonia kwa wakati anaouchagua mwenyewe, sijui panya anayemzidi huyu.

Panya asiye na Arg1 anahitaji tahadhari ya pekee. Binadamu aliyekosa kimeng'enya hicho kwa kawaida haugui akiwa mchanga. Dalili yake kubwa ni miguu kukakamaa taratibu kadiri miaka inavyokwenda, na amonia yake haipandi kama ya wagonjwa wengine wa kundi hili. Panya hufa akiwa na siku 10 hadi 14, amonia ikiwa juu sana. Atakayemtumia kueleza kukakamaa kwa miguu ya watoto atakuwa anasoma ugonjwa mwingine. Ndiyo sababu walitengenezwa panya ambao jeni hiyo huzimwa baada ya kukomaa.

Mara nyingi mnyama mwenye manufaa zaidi ni yule aliyebakiwa na uwezo kidogo wa kimeng'enya. Panya mwenye jeni ya Asl iliyodhoofishwa bila kuondolewa huishi wiki chache, na muda huo ulitosha kuwaonyesha watafiti, mwaka 2011, kwamba kimeng'enya cha ASL kinahitajika pia ili mwili utengeneze naitriki oksidi, gesi inayolegeza mishipa ya damu. Hapo ndipo shinikizo la juu la damu linaloonekana kwa baadhi ya wagonjwa wa ASL lilipopata maelezo ambayo amonia peke yake isingeyatoa.

Panya wa spf-ash kama mfano wa kuanzia

Upungufu wa OTC ndio unaoongoza kwa wingi katika kundi hili, na jeni yake iko kwenye kromosomu ya X. Kuna koo mbili za panya zilizotumiwa kwa miongo mingi. Ya kwanza ni spf, iliyopewa jina kwa sababu ya manyoya yake machache, na ambayo mwaka 1976 ilithibitishwa kuwa na kasoro ya OTC. Ya pili ni spf-ash, ambayo pia ina ngozi na manyoya yasiyo ya kawaida. Watu huzitaja pamoja kana kwamba ni kitu kimoja, ilhali kasoro zake zinatofautiana kwa namna inayogusa kila kipimo.

Katika spf, asidi amino ya 117, ambayo ni histidini, imebadilishwa kuwa asparajini. Kimeng'enya kipo, lakini tabia yake imeharibika: katika pH ya mwili kinafanya kazi kidogo, na pH ikipandishwa kinaonekana kuwa na nguvu. Mtafiti atakayepima ini la spf katika pH ya juu, kwa kuwa ndivyo maelekezo ya kipimo yalivyoandikwa kwa ajili ya kimeng'enya cha kawaida, anaweza kuandika kwamba panya wake ni mzima. Katika spf-ash, herufi moja ya mwisho ya eksoni ya nne (eksoni ni kipande cha jeni kinachobaki kwenye RNA iliyokamilika) imebadilika kutoka guanini kuwa adenini. Badiliko hilo linaweka histidini mahali pa arginini ya 129, lakini madhara yake makubwa ni kuvuruga ukatwaji na uunganishwaji wa RNA, hivyo kimeng'enya kinachotengenezwa ni kidogo mno, ingawa hicho kidogo kinafanya kazi vizuri. Ini la panya huyu lina takriban asilimia 5 hadi 10 ya uwezo wa kawaida. Anaishi, anazaa, na akila chakula cha kawaida amonia yake inaweza kuwa karibu sana na ya mzima. Kwa anayeanza, huyu ndiye panya ninayempendekeza.

Kuzalisha kundi la utafiti

Kwa kuwa jeni iko kwenye X, dume huhitaji nakala moja tu yenye kasoro ili augue. Ukimpandisha jike mwenye nakala mbili mbovu na dume wa kawaida, watoto wote wa kiume watakuwa wagonjwa; utapata wengi haraka, lakini hutapata ndugu zao wazima wa kuwalinganisha nao. Ukimpandisha jike mwenye nakala moja mbovu na dume wa kawaida, nusu ya madume kwa wastani watakuwa wagonjwa na nusu wazima, waliotoka tumbo moja, walionyonya maziwa yale yale na kulala kizimba kimoja. Njia ya pili hula muda na nafasi zaidi, nami naiona kuwa ndiyo ya haki kwa matokeo. Panya wazima walionunuliwa kando hutofautiana na wagonjwa wako kwa mambo mengi ambayo hutayaona.

Majike wenye nakala moja wasitupwe. Katika kila seli yao kromosomu moja ya X imezimwa, na kwa kuwa uzimaji huo hutokea bila mpangilio, ini la jike mmoja linaweza kuwa na seli nyingi zenye OTC na la dada yake chache. Ndivyo ilivyo hata kwa wanawake wanaobeba kasoro hii: wengine hawana dalili kabisa, wengine hupatwa na mgogoro baada ya kujifungua au wakiwa katika ugonjwa mwingine. Ukiwatumia, tarajia matokeo yaliyotawanyika, na upange idadi kubwa zaidi ya wanyama.

Vitoto vya spf-ash huzaliwa vidogo, ngozi imekunjamana, na manyoya huchelewa. Usivitambue kwa macho pekee, kwa sababu kadiri wanavyokua manyoya hujaza na tofauti hupungua. Kata kipande kidogo cha sikio na upime DNA ya kila mmoja. Wale wadogo sana waache na mama yao zaidi ya siku 21 za kawaida, na uwawekee chakula kilicholoweshwa chini ya kizimba, maana mdomo wao haufiki kwenye kikapu cha juu. Tunza asili moja ya kijenetiki, kwani ukali wa ugonjwa huweza kubadilika pale jeni ile ile inapohamishiwa kwenye ukoo mwingine.

Idhini ya kamati ya maadili ya utafiti wa wanyama itafutwe kabla ya mnyama wa kwanza kufika. Kanuni tatu za Russell na Burch za mwaka 1959, yaani kutafuta mbadala, kupunguza idadi na kupunguza mateso, zina uzito wa pekee hapa, kwa kuwa amonia ikipanda mnyama hutetemeka, hupata degedege na kupoteza fahamu. Andika mapema hatua ya kumwondolea mnyama uhai bila maumivu: kupoteza asilimia 20 ya uzito ni kiwango kinachotumiwa sana, na degedege au kushindwa kujigeuza akilazwa chali viwe sababu za kutosha hata kama uzito haujapungua. Kifo chenyewe kisiwe kipimo chako pale dalili inayokitangulia inapotosha.

Kupima amonia bila kudanganyika

Sehemu hii inastahili uangalifu kuliko zote. Amonia katika damu iliyokwisha kutolewa huendelea kuongezeka, kwa sababu seli na vimeng'enya vilivyomo havijaacha kufanya kazi. Aidha, seli nyekundu zina amonia nyingi kuliko plazima, kiasi kwamba sampuli ambayo seli zake zimepasuka haifai kabisa. Panya anayepambana mkononi mwako hukaza misuli, na misuli inayofanya kazi kwa nguvu humwaga amonia kwenye damu. Mkojo uliokauka kwenye mkia huleta amonia pia, na hali kadhalika sabuni za kusafishia zenye amonia na moshi wa sigara.

Kwa hiyo zoeza panya kushikwa kwa siku kadhaa kabla ya kipimo. Panya hula zaidi usiku, hivyo chagua saa moja ya siku na usiibadilishe, na uandike kama walikuwa wameshiba au wamefunga. Safisha na ukaushe mahali pa kutolea damu. Vichupa vyenye EDTA, kemikali ya kuzuia damu isigande, viwe vimekaa kwenye barafu kabla damu haijaingia, vifunikwe mara moja, virudi kwenye barafu, na vizungushwe kwenye sentrifuji iliyopoozwa ndani ya dakika 15. Itazame plazima dhidi ya mwanga: ikiwa na rangi ya waridi, seli zimepasuka, na sampuli hiyo itupwe hata kama ndiyo pekee ya mnyama huyo. Isiyopimwa papo hapo igandishwe kwa nyuzi 80 chini ya sifuri, isiyeyushwe na kugandishwa tena.

Kiasi cha damu nacho kina mpaka. Panya wa gramu 25 ana mililita 2 hivi za damu mwilini, na kwa kawaida haifai kumtoa zaidi ya sehemu moja ya kumi ndani ya wiki mbili. Mililita 0.1 ikipangwa vizuri inatosha kwa amonia na asidi amino. Ukitoa damu mara nyingi zaidi utamdhoofisha, na udhaifu huo utauhesabu kama ugonjwa.

Vipimo vinavyoandamana na amonia

Katika upungufu wa OTC, kabamoili fosfeti, ambayo CPS1 huitengeneza na OTC huitumia, hurundikana ndani ya mitokondria, huvuja nje, na kuingia kwenye njia ya kutengeneza pirimidini, ambazo ni viungo vya DNA na RNA. Matokeo yake ni asidi orotiki nyingi kwenye mkojo. Kwa panya wa spf-ash kipimo hiki hutenganisha wagonjwa na wazima vizuri hata siku ambazo amonia inakaribia ya kawaida, tena hakihitaji sindano. Kila kiwango kigawanywe kwa kreatinini ya mkojo huo huo. Kumbuka kwamba katika upungufu wa CPS1 au NAGS asidi orotiki haipandi, kwa kuwa kabamoili fosfeti yenyewe haitengenezwi.

Asidi amino za plazima hutoa picha pana zaidi. Glutamini hupanda kwa sababu mwili huitumia kuhifadhi naitrojeni iliyokosa njia. Ndani ya ubongo, glutamini hiyo ikijaa kwenye astrosaiti, yaani seli zinazozihudumia neva, huvuta maji na kuchangia uvimbe. Sitrulini hushuka katika upungufu wa OTC na kupanda sana katika upungufu wa ASS1. Hapa pana mtego: sehemu kubwa ya sitrulini ya damu hutoka utumboni, ambako CPS1 na OTC zipo pia. Tiba iliyorekebisha ini peke yake huenda isirudishe sitrulini, na mtafiti akadhani imeshindwa.

Ukitaka kujua kama mzunguko wenyewe unafanya kazi, mpe panya amonia kloridi yenye naitrojeni ya 15, yaani aina nzito ya naitrojeni, chukua damu baada ya muda uliouweka, mara nyingi dakika 30, kisha upime urea iliyobeba naitrojeni hiyo. Kipimo hiki kinahitaji mashine ya kupimia uzito wa molekuli, ambayo haipo katika kila chuo. Kimeng'enya chenyewe kinaweza kupimwa kwa vifaa vya kawaida zaidi: ini lililosagwa hupewa ornitini na kabamoili fosfeti, sitrulini inayotengenezwa huunganishwa na diasetili monoksimu ili itoe rangi, na rangi husomwa kwa spektrofotomita. Maabara nyingi za vyuo vyetu vya Afrika Mashariki zina chombo hicho. Kata pia vipande vyembamba vya ini utazame OTC iko kwenye seli zipi, maana mzunguko wa urea hufanyika zaidi kwenye seli zilizo karibu na mshipa unaoleta damu kutoka utumboni, na tiba inayofika kwenye seli zilizo mbali na mshipa huo ina faida ndogo hata ikiwa kwa wingi.

Kuuchochea ugonjwa

Kwa kuwa spf-ash huvumilia chakula cha kawaida, huenda ukahitaji kumpa mzigo. Njia laini ni chakula chenye protini ya asilimia 40, karibu mara mbili ya kile cha kawaida, kwa siku kadhaa. Pima uzito wa chakula kilicholiwa kila siku. Panya anayeanza kuugua huacha kula, naye akiacha kula hapati tena mzigo ulioupanga. Wakati huo huo mwili wake huanza kuvunja misuli, na amonia inayotoka huko si ya chakula. Usipokuwa na rekodi ya chakula hutaweza kuyatenganisha haya mawili. Njia ya haraka ni sindano ya amonia kloridi tumboni, ikifuatiwa na alama za mwendo na fahamu kila baada ya dakika chache. Dozi ianzie chini kwa wanyama wachache. Njia ya tatu ni kukizima kimeng'enya kilichobaki kwa kutumia AAV, virusi vidogo vinavyotumiwa kubebea jeni, vilivyopewa RNA ya kuzimia jeni ya Otc, na mgogoro hutokea kwa panya aliyekwisha kukomaa.

Kujaribu tiba

Umri wa panya siku ya kupewa tiba uandikwe kwa uangalifu sawa na dozi. AAV zinazoingizwa kwenye ini la panya mchanga hupungua nguvu kwa sababu seli za ini zinagawanyika haraka na jeni iliyoletwa haigawanyiki pamoja nazo. Mwaka 2016 kundi la Chuo Kikuu cha Pennsylvania lilichapisha kazi ya kuhariri jeni ya Otc kwa CRISPR, mbinu ya kukata DNA mahali palipochaguliwa, katika vitoto vya spf-ash: takriban asilimia 10 ya seli za ini zilirekebishwa, na panya walistahimili protini nyingi kuliko wenzao. Walipofanya hivyo kwa panya wakubwa, urekebishaji ulikuwa mdogo, na kupotea kwa vipande vya DNA mahali palipokatwa kuliharibu hata ule uwezo kidogo uliokuwapo, baadhi wakafa kwa amonia wakiwa kwenye chakula cha kawaida. Naomba kila anayepanga jaribio la tiba aweke kundi la wakubwa na la wachanga, na achapishe yote mawili.

Panya pia hana kinga ya binadamu. Mwezi Septemba 1999 kijana wa miaka 18 mwenye upungufu wa OTC wa kadiri alifariki Philadelphia, siku chache baada ya kupewa jeni kwa adenovirusi, kwa sababu mwili wake ulipambana na virusi hivyo kwa ukali. Manufaa yaliyokuwa yameonekana kwa panya hayakumkinga. Mwaka 2025, katika mji huo huo, ilitangazwa kwamba mtoto mchanga mwenye upungufu wa CPS1 alikuwa ametibiwa kwa kihariri jeni kilichotengenezwa kwa ajili ya badiliko lake peke yake, na miongoni mwa hatua zilizotangulia ilikuwa kutengeneza panya wenye badiliko hilo hilo na kukijaribu kihariri juu yao, pamoja na vipimo vya usalama kwa nyani.

Katika kupanga makundi, gawa panya kwa bahati nasibu ndani ya kila uzao, na anayetoa alama za tabia asijue nani kapewa nini. Watoto wa mama mmoja hufanana, hivyo wanane wa tumbo moja hawana uzito wa wanane wa matumbo manane; hesabu zako zilizingatie hilo. Mwongozo wa ARRIVE, uliotolewa mwaka 2010 na kuhuishwa mwaka 2020, unaeleza mambo ambayo ripoti ya utafiti wa wanyama haipaswi kuyaacha. Kwa magonjwa haya niongeze manne: saa ya kutoa damu, dakika zilizopita kabla ya kuzungushwa, chakula na kiasi kilicholiwa, na idadi ya vitoto vilivyokufa kabla ya kupimwa DNA, kwa kuwa waliougua zaidi mara nyingi ndio wanaotoweka kizimbani kabla hujawaandika.